Kabari ya Chicago

Tanga nilikokulia, mwanamke ambaye siku zake zimekatika hakugunduliwa hospitali. Aligunduliwa Ramadhani. Sheria ya dini inaeleweka: aliye katika hedhi hafungi, na siku alizokula anazilipa kabla Ramadhani nyingine haijaandama. Basi kuanzia Mfunguo Mosi ungewakuta wanawake wa nyumba moja wakilipa pamoja, huyu siku tano, yule saba, na magharibi wakikaa ukumbini na uji wao. Karibu kila mtaa palikuwa na mmoja asiyedaiwa. Mwaka huu amefunga zote, mwaka jana zote, mwaka juzi zote. Wanaume walimsifu kwa ucha Mungu. Wanawake walinyamaza, maana walijua.

Mama yangu mdogo, ndiye aliyenilea, alikuwa mmoja wa hao. Alikuwa na mwili wa kujaa, sauti nzuri ya kusoma maulidi, na weusi shingoni ambao liwa na dodoki havikuutoa. Alfajiri alikaa mlangoni penye mwanga akishika kioo na kibanio, aking'oa nywele za kidevuni moja moja. Aliolewa mara mbili akaachwa mara mbili, kwa sababu hiyo hiyo moja. Na jina la ugonjwa wake pale mtaani lilikuwa chango.

Nimesikia wasomi wakilicheka neno hilo, nami silicheki. Chango ni jina pana la pwani na bara kwa maradhi ya tumbo la mwanamke: maumivu ya hedhi, hedhi isiyokuja, mimba zinazotoka, mtoto asiyepatikana. Bibi yangu alilieleza kama kitu chenye uhai, kinacholala na kuamka, na kikiamka kinakula kilichomo. Tiba ilikuwa mizizi ya kuchemsha, mafusho, na mkono wa mkunga wa kienyeji ukikanda chini ya kitovu. Wengine walisema ni baridi imemwingia. Hilo la baridi ni mabaki ya elimu ya kale ya Kiyunani, iliyopita kwa Waarabu ikatufikia kwa bahari: elimu ya mwili wenye joto na baridi, ukavu na unyevu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikuwa na maelezo marefu ya kuzuilika kwa hedhi katika Kanuni yake ya tiba. Na zaidi ya miaka 800 kabla yake, Soranus wa Efeso alikwisha kuandika kwamba wako wanawake wenye miili ya nguvu, wanaofanana na wanaume, ambao hawapati hedhi wala hawazai.

Kwa hiyo mama mdogo alikuwa ameonekana tangu zamani. Nywele, hedhi, mwili, ugumba: waliona kwamba vinatembea pamoja. Walichokosa ni kuona ndani.

Jambo moja katika malezi ya kwetu limenikaa sana moyoni, na nalisema kwa heshima ya walionilea. Nilipovunja ungo nilikabidhiwa kwa somo. Alinifundisha kufunga sodo, kuifua na kuianika pasipoonekana, na kuhesabu siku kwa mwezi mwandamo. Alikuwa mwalimu hodari. Kuna mambo ya mwili niliyoyajua kwake kabla sijayakuta kitabuni. Lakini hesabu ile yote ilikuwa na kazi moja, kujua mimba imeingia au haikuingia. Msichana ambaye miezi yake ilirukaruka aliambiwa atatulia akiolewa. Akiolewa, aliambiwa atatulia akizaa. Asipozaa, hakuna aliyekuwa na maneno mengine ya kumwambia.

Sikujua wakati huo kwamba madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakipita njia hiyo hiyo.

Maelezo ya kwanza ya kile kilichomo ndani, kwa jinsi historia ya udaktari inavyosimuliwa, ni ya Mwitaliano Antonio Vallisneri, mwaka 1721. Aliandika habari za mwanamke kijana wa shamba, ameolewa, mnene kiasi, hana mtoto. Ovari zake mbili zilikuwa kubwa kuliko kawaida, zimevimbavimba, nyeupe, zinang'aa, ukubwa wa mayai ya njiwa. Huo ndio ushahidi wote. Hatujui jina lake. Tunajua umbo lake, ndoa yake na kutozaa kwake, na hayo ndiyo yaliyoonekana yanafaa kuandikwa. Mnamo 1844, Chereau wa Ufaransa alieleza ovari za namna hiyo, ngumu na zenye vifuko.

Karne nzima ya upasuaji ilipita kabla ya mtu kuelewa ovari inafanya nini hasa. Mwaka 1902, jijini London, William Bayliss na Ernest Starling waligundua kwamba utumbo unatuma ujumbe kwenye kongosho kwa njia ya damu, bila mshipa wa fahamu, na mwaka 1905 Starling akalitumia hadharani jina homoni kwa ajili ya wajumbe hao. Mwaka 1923 Edgar Allen na Edward Doisy wa St. Louis walikamua majimaji ya vifuko vya ovari za nguruwe, wakawadunga panya waliokatwa ovari, na panya wale wakarudi kwenye joto. Hiyo ilikuwa estrojeni. Mwaka 1929 George Corner na Willard Allen wakapata projesteroni. Nayapita haraka haya, ingawa bila hayo tusingefika popote, kwa sababu wanawake kama mama mdogo walihitaji miaka mingi zaidi kabla elimu hiyo haijawagusa. Kilichowagusa kwanza kilikuwa kisu.

Michael Reese ilikuwa hospitali ya upande wa kusini wa jiji la Chicago, iliyojengwa kwa michango ya Wayahudi na kufunguliwa mwaka 1881 kwa wagonjwa wa kila dini na rangi. Haipo tena; ilifungwa mwaka 2009 na majengo yake karibu yote yakabomolewa. Hapo walifanya kazi madaktari wawili wa wanawake, Irving Stein na Michael Leventhal. Stein alikuwa na ufundi wake: alipuliza gesi ndani ya tumbo la mgonjwa kisha akapiga eksirei. Gesi ilitenganisha viungo, na kwenye picha kizazi na ovari vilionekana kama vivuli, bila kupasua. Wanawake waliokuja kwake hawakuwa wakipata hedhi na hawakuwa wakizaa. Katika vivuli hivyo akaona ovari ambazo zimekua mno, pengine kubwa karibu sawa na kizazi chenyewe.

Wakapasua baadhi yao ili kuchukua kipande cha kupima. Na likatokea jambo ambalo hawakulipanga: waliokatwa kipande walianza kupata hedhi. Basi wakakata kwa makusudi. Walitoa kabari, pande la nusu mpaka robo tatu ya kila ovari, kisha wakaishona. Mwaka 1935 walichapisha habari za wanawake saba. Wote saba hedhi ilirudi. Wawili walipata mimba.

Saba tu, na kutoka kwa hao saba ukatoka ugonjwa wenye jina la waganga wawili, na operesheni iliyotawala kwa karibu miaka thelathini. Sisemi hivyo kuwadharau. Nimesoma maelezo yao na naona watu makini, waliotazama kwa macho yao na kueleza walichokiona. Walidhani kwamba vifuko vinasongamana chini ya ganda nene la ovari, yai linakosa njia ya kutoka, na kwamba chanzo cha msongamano huo ni homoni za kutoka kwenye tezi ya ubongoni. Kuhusu homoni hawakukosea. Kuhusu ganda, dhana yao haikudumu.

Hiyo operesheni naijua kwa mikono. Nilisomea uuguzi na ukunga Dar es Salaam miaka ya sabini, na vitabu vyetu vya Kiingereza vilikuwa bado vinauita ugonjwa huo kwa majina ya Stein na Leventhal. Siku moja, nikiwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, nilisimama upande wa pili wa meza nikimpa daktari vyombo. Mgonjwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyetoka bara na mume wake. Tumbo lilipofunguliwa niliziona: nyeupe, zinang'aa, hazina kovu hata moja. Ovari ya mwanamke anayepevusha mayai ina makovu kila mahali, kwa sababu kila mwezi yai hutoboa na kutoka. Zile hazikuwahi kutobolewa. Vallisneri hakuwa ameongeza neno. Daktari alikata kabari, akaniwekea kwenye bakuli, na katika mkato nikaona vifuko vidogo vimepangana pembezoni kwa safu, vyenye maji maangavu.

Nilifikiri ni uvimbe. Wengi hadi leo wanafikiri hivyo. Mtaani utasikia uvimbe maji kwenye kizazi, na wagonjwa wanaogopa saratani. Vile si uvimbe. Ni vijumba vya mayai, kila kimoja na yai lake, vilivyoanza safari ya kukomaa vikakwama njiani vikiwa na milimita chache tu. Mwanamke wa kawaida huchagua kimoja kila mwezi kikakua mpaka kikapasuka. Kwa huyu, hakuna kinachochaguliwa, vyote vinangoja.

Mwalimu yule alipata hedhi wiki chache baadaye. Alileta sambusa wodini. Mtoto hakupata, na tulipokuja kumpasua tena kwa maumivu, tulikuta mirija na ovari vimegandana na utumbo kwa makovu ya ile operesheni. Hilo ndilo lililokuja kuiangusha kabari duniani kote: kisu kilichofungua njia ya yai kilikuwa kinaifunga kwa makovu. Na sababu ya kukata kufaulu, tunaifahamu sasa, haikuwa kupunguza msongamano. Ovari hizi zinatengeneza androjeni nyingi kupita kiasi, homoni za kundi la testosteroni. Ukiondoa nusu ya nyama inayozitengeneza, zinapungua katika damu, mazungumzo ya ovari na ubongo yanarudi kwa muda, na yai linapevuka. Mwaka 1984 Gjönnaess wa Norway alionyesha kwamba matundu machache ya moto, yanayochomwa kwa msaada wa kamera iliyopitishwa kitovuni, yanatosha kufanya kazi hiyo hiyo.

Kabla ya hapo dawa zilikuwa zimeshafika. Klomifeni ilitengenezwa mwaka 1956 katika kiwanda cha Merrell huko Cincinnati, na mwaka 1961 Robert Greenblatt na wenzake wakatangaza kwamba vidonge hivyo vinapevusha mayai. Kwa wale ambao klomifeni haikuwasaidia kulikuwa na sindano za homoni za ubongo, na habari yake nimewasimulia wanafunzi wangu wa ukunga mara nyingi, kwa sababu hawaamini. Mwanamke aliyekoma hedhi humwaga homoni hizo kwa wingi katika mkojo. Kampuni ya Serono ya Italia ilihitaji mkojo wa wanawake wazee, mwingi sana, ambao hakuna mjamzito kati yao. Wakaupata kwenye nyumba za watawa. Magari yalipita kwenye konventi kukusanya, na bibi wale ambao hawakuzaa maisha yao yote wakachangia mkojo wa kutengenezea dawa ya uzazi. Mtoto wa kwanza kwa dawa hiyo alizaliwa Israeli mwaka 1962, kwa juhudi za daktari Bruno Lunenfeld.

Naipenda habari hiyo, na inanihuzunisha pia. Tazama fedha, akili na miaka iliyomwagwa: kisu, vidonge, sindano, vyote kwa ajili ya kupata mimba. Aliyekuja na ndevu aliulizwa kama ana mtoto. Aliyekaa miezi minane bila damu kisha akavuja wiki tatu mfululizo aliulizwa kama ana mtoto. Elimu ya ugonjwa huu ilizaliwa katika kliniki ya ugumba, ikalelewa humo, na ikachukua tabia ya nyumba hiyo. Msichana asiye na mume na mama aliyekwisha kuzaa wawili hawakuwa na kiti ndani yake.

Hata pale dawa yao ilipokuwa kabatini. Miaka ya arobaini mkemia wa Kimarekani, Russell Marker, alichimba viazi vikuu vya porini katika jimbo la Veracruz, Mexico, akatengeneza projesteroni kwa bei ambayo haijapata kuonekana. Kampuni ya Syntex ilianza kutoka hapo mwaka 1944, na baadaye vikaja vidonge vya kupanga uzazi. Kwetu viliitwa vidonge vya majira. UMATI, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1959 kama chama cha uzazi wa majira cha jiji, ndiyo iliyotuzoesha na kliniki za aina hiyo. Sasa, vidonge hivyo hivyo ni tiba kubwa ya ugonjwa huu. Mwanamke asiyepevusha mayai ana estrojeni inayojenga ukuta wa kizazi mwezi baada ya mwezi, na hana projesteroni ya kuubomoa. Ukuta unanenepa, unavuja ovyo, na ukiachwa miaka mingi unaweza kugeuka saratani. Kidonge kinaupa ratiba ya kushuka, na kinapunguza androjeni. Lakini kliniki niliyofanyia kazi ilivigawa kwa walioolewa na waliokwisha kuzaa. Binti wa miaka kumi na tisa, hajaolewa, hajaona damu tangu mwaka jana, aliondoka pale mikono mitupu, na mama yake akimwonea aibu kwa kuonekana mlangoni kwetu.

Mama mdogo alifariki mwaka 1986. Ilianza na kidonda cha mguu aliokwaruzwa na waya wa uzio, kikakataa kupona. Kisukari. Alikuwa nacho kwa miaka, pasipo mtu kumpima. Nilikuwa nimekwisha kuwa mkunga mwenye uzoefu, ninakaa naye kila likizo, na hakuna kitabu nilichosoma kilichoniambia kwamba ule weusi wa shingoni na ile funga kamili ya kila Ramadhani vilikuwa na neno lolote kuhusu sukari.

Neno lilikuwapo, limetawanyika. Mwaka 1921 Achard na Thiers wa Paris walieleza kisukari cha wanawake wenye ndevu. Wakasomwa kama waandishi wa ajabu za dunia, na habari yao ikakaa upande mmoja huku ya Stein na Leventhal ikikaa upande mwingine. Ili ziungane kulihitajika kipimo. Rosalyn Yalow na Solomon Berson, katika hospitali ya maveterani ya Bronx, New York, walibuni mwishoni mwa miaka ya hamsini namna ya kupima insulini katika tone la damu kwa kutumia miali ya nururishi, na Yalow akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977, Berson akiwa amekwisha kufariki. Kwa njia hiyo hiyo homoni nyingine zikapimika. Na mwaka 1980, huko Memphis, Burghen, Givens na Kitabchi wakapima insulini na androjeni kwa wanawake wenye ugonjwa wa Stein na Leventhal, ambao sasa unaitwa ugonjwa wa ovari za vifuko vingi. Insulini ilikuwa juu, na kadiri ilivyokuwa juu ndivyo androjeni zilivyokuwa juu.

Hapo mambo yote yakapata mahali pake. Mwili wa mwanamke huyu hausikii insulini vizuri, kwa hiyo kongosho linaongeza. Misuli haisikii, lakini ovari inasikia: inapokea insulini nyingi na kuzidisha androjeni. Ini nalo, kwa insulini hiyo, linapunguza protini inayozibeba na kuzizuia androjeni kwenye damu, na zilizo huru zinakuwa nyingi zaidi. Ngozi ya shingo na makwapa inanenepa na kuwa nyeusi kwa sababu ya insulini ile ile. Nywele za kidevu, chunusi za mgongoni, hedhi iliyopotea, uzito unaokusanyika kiunoni, sukari: ni mto mmoja. Mwaka 1994 watafiti wa Venezuela wakawapa wanawake hawa metfomini, dawa ya zamani ya kisukari, na baadhi yao hedhi ikarudi bila ovari kuguswa.

Ultrasaundi nayo ilikuwa imefika. Mwaka 1986 Judith Adams na wenzake wa London walionyesha kwamba vifuko vilivyopangana pembezoni vinahesabika kwenye skrini, bila gesi ya Stein na bila kisu. Mwaka 2003 wataalamu walikutana Rotterdam, wakakubaliana kwamba mwanamke ahesabiwe ana ugonjwa akiwa na mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au kipimo cha androjeni nyingi, na ovari za vifuko vingi, baada ya magonjwa mengine yanayofanana nao kuondolewa, kama tezi ya shingo na prolaktini. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023, ulioongozwa na Helena Teede wa Australia, umeshikilia msingi huo na kusisitiza jambo ambalo ningependa kila kliniki ilibandike ukutani: kwa mtu mzima mwenye hedhi ya kurukaruka na dalili za wazi za androjeni, ultrasaundi hata si lazima. Historia yake na mwili wake vinatosha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wanao, na hadi 70 katika kila 100 wenye ugonjwa huu hawajui. Katika darasa la wasichana arobaini, wenye ugonjwa ni wanne au watano.

Nimestaafu, lakini mabinti wanakuja barazani kwangu Tanga na bahasha za vipimo. Wengi wamekwisha kupita kwa muuza dawa wa simuni, anayewauzia chupa za kusawazisha homoni na kusafisha kizazi. Naziona zile chupa, hazina maandishi ya kilichomo. Bei ya moja ingenunua metfomini ya miezi kadhaa. Chango la bibi yangu lilikuwa na mikono ya mtu anayekujua, aliyerudi kesho yake kukuuliza umelalaje. Hawa hawarudi.

Ninachowaambia ni kile kile alichonianzisha somo wangu, nikikipa kazi nyingine: andika siku. Tarehe ya kwanza ya kila damu, kwa miezi sita, kwenye daftari. Inayochelewa kupita siku thelathini na tano kila mara, au isiyofika mara nane kwa mwaka, ni habari ya kumpelekea daktari, una mume huna mume. Mwenye uzito mkubwa akiupunguza hata kwa sehemu tano katika mia, mara nyingi mwili huanza kusikia insulini tena. Lakini wako wembamba wenye ugonjwa huu, na kumwambia mwembamba apunguze ugali ni kumfukuza. Asiyepata damu apewe njia ya kuuteremsha ukuta wa kizazi, kwa vidonge vya majira au kwa projesteroni ya vipindi. Anayetaka mtoto aulize letrozoli kwanza: Richard Legro na wenzake walilinganisha wanawake 750 mwaka 2014, na waliozaa walikuwa 27.5 kwa mia kwa letrozoli, 19.1 kwa klomifeni. Na aulizwe usingizi wake na moyo wake, kwa sababu huzuni na wasiwasi ni vingi kwa wagonjwa hawa, na si kwa ndevu peke yake.

Mdogo wangu wa mwisho anao ugonjwa huu. Alipofika arobaini na nne, siku zake, ambazo hazikuwahi kuwa na adabu, zilianza kuja kwa hesabu. Alifurahi, akaacha kliniki. Hilo huwapata wengi: vijumba vya mayai hupungua kwa umri, idadi inakaribia ya wengine, na hedhi inatengemaa miaka michache kabla ya kukoma. Insulini haina habari na hesabu hiyo. Nilimbana mpaka akapima, sukari ikakutwa imeanza kupanda, haijawa kisukari. Ana watoto wawili, wa pili alimpata kwa klomifeni, na daktari mmoja alikwisha kumwambia kwamba kwa kuwa amezaa hana ugonjwa tena.

Binti yake ana miaka ishirini na mbili. Siku zake zilipoanza kurukaruka, kituo cha kwanza kilimwambia arudi akishaolewa. Katika cha pili alimpata daktari kijana, mwanamke, aliyemtazama shingo kabla ya kumtazama kitu kingine, akaomba daftari la tarehe, akapima shinikizo la damu na kiuno, akamwandikia kipimo cha sukari cha kunywa glukosi na kusubiri saa mbili. Akampa vidonge vya majira, na akamwambia sukari ile itarudiwa kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, azae asizae.